Tahadhari za kimbunga za TMA: tathmini ya mpokea wageni wa Mafia

Huduma ninayoitathmini hapa ni taarifa za tahadhari ya kimbunga zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Ninaitathmini nikiwa mtu ninayepokea wageni katika nyumba za makuti zilizo ufukweni upande wa Utende, kisiwani Mafia, kisiwa kilekile ambacho Kimbunga Hidaya kilikiingia tarehe 4 Mei 2024. Maoni yangu, kwa anayetaka kuyajua mapema, ni kwamba hii ni huduma nzuri kuliko sifa inazopewa, inayompa msomaji makini muda wa kutosha wa kujiandaa. Ina mapengo mawili yanayomgusa moja kwa moja mtu wa ufukweni, na naamini yanaweza kuzibwa.

Nianze na kile ambacho mtumiaji anapewa. TMA hutoa kila siku mwelekeo wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo, na panapokuwa na jambo la kuangaliwa, maeneo husika hutajwa kwa mikoa na kuwekewa daraja: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Watu wengi husoma daraja hilo na jina la mkoa wao, halafu wakaishia hapo. Chini yake kuna mistari miwili ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, nayo ni ule unaosema uwezekano wa kutokea na ule unaosema kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Jambo lenye uwezekano mkubwa na athari ndogo humtaka mwenye nyumba ya wageni afunge madirisha na kuahirisha safari ya kuzamia, ilhali jambo lenye uwezekano wa wastani na athari kubwa humtaka afikirie kuondoa watu. Kuitenganisha mistari hiyo ni uamuzi wa busara, kwa sababu mtu akipewa neno moja tu la kutisha hubaki na njia mbili: kuogopa kila kitu au kupuuza kila kitu.

Kimbunga kinapojitokeza, taarifa hizo huongezewa mrejeo unaotolewa tena na tena kadiri hali inavyobadilika. Vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo cha kikanda kilichoko kisiwa cha Réunion, chini ya mamlaka ya hali ya hewa ya Ufaransa. Dhoruba hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili unapofikia kilomita 118 kwa saa. Kazi ya TMA ni kuchukua takwimu hizo, kuzilinganisha na picha za setilaiti na vipimo vyake yenyewe, zikiwemo rada kama ile ya Mtwara, kisha kumweleza mtu wa Lindi, Kilwa au Mafia kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba jambo hilo litamfikiaje. Kiswahili cha taarifa hizo nakisifu kwa dhati. Ni cha kiofisi, lakini mvuvi asiyewahi kukaa darasani muda mrefu hukielewa akisomewa, na hakuna maneno ya kutia hofu yaliyowekwa kwa ajili ya kuvutia wasomaji.

Sasa nizungumzie Hidaya yenyewe, maana huduma ya tahadhari hupimwa siku ya tukio. Msimu wa vimbunga katika ukanda wetu huhesabiwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili, na dhoruba za msimu wa 2023/24 zilikuwa zimekwisha kupewa majina kuanzia Alvaro na Belal hadi Gamane. Hidaya, ya nane, ilikuja msimu ukiwa umefungwa katika kalenda. Huku kwetu Aprili na Mei ni masika, wageni ni wachache, baadhi ya hoteli hufungwa na wafanyakazi wengi huwa likizo. Papa potwe wanaowaleta watu Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, huwa msimu wao umepita. Kwa hiyo tahadhari ilikuta nyumba zenye wageni wachache wa kuwahudumia, jambo lililokuwa la heri, lakini zenye mikono michache ya kuvuta boti na kupanda juu ya paa.

Taarifa ya kuwapo kwa mgandamizo mdogo wa hewa mashariki mwa pwani ya Mtwara ilitolewa tarehe 1 Mei, ambayo ilikuwa Jumatano na sikukuu ya wafanyakazi. Siku zilizofuata mrejeo ulieleza kwamba mgandamizo huo umekuwa kimbunga na kwamba kinaisogelea pwani. Jumamosi tarehe 4 usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisitishwa, na usiku wa siku hiyo TMA ikatangaza kwamba Hidaya imepoteza nguvu yake ilipokuwa ikiingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia. Ukihesabu, kati ya neno la kwanza na kimbunga chenyewe zilipatikana takribani siku tatu. Kwa pwani ambayo si kila mwaka inaona kimbunga, na kwa nyumba zilizoezekwa kwa makuti, siku tatu ni muda mrefu sana mtu akijua aanze na lipi.

La kuanza nalo ni wageni. Hili nalisisitiza kwa wenzangu wote wa ufukweni, kwa sababu ndilo linaloharibiwa na kusitasita. Mafia ina njia mbili za kutoka: ndege ndogo zinazotua Kilindoni, na usafiri wa majini kwenda Nyamisati, bandari iliyoko bara, ukiwemo ule wa meli ya MV Kilindoni. Njia zote mbili hufungwa kabla upepo mkali haujafika, na haziwezi kufanyiwa kazi tena mpaka bahari itulie. Mgeni anayetazama mbingu tulivu akaona hakuna haja ya kukatiza likizo yake hana kosa. Hajui kwamba mlango unafungwa saa nyingi kabla ya dhoruba. Ni wajibu wa mwenyeji kumwonyesha taarifa, kumweleza tofauti ya uwezekano na athari, na kumwambia waziwazi kwamba akitaka kuondoka aondoke leo. Anayechagua kubaki aonyeshwe mapema chumba atakachokaa usiku wa upepo, aziweke hati zake za kusafiria ndani ya mfuko usiopitisha maji, na simu yake ijazwe chaji wakati umeme bado upo.

Suala la fedha nalo lisiachwe hadi dakika ya mwisho. Niliwahi kuona wakala mmoja akikataa kurudisha malipo kwa hoja kwamba kimbunga kilikuwa bado hakijafika siku mgeni alipoghairi. Naiona hoja hiyo kuwa ya hatari, maana inamfundisha mgeni kusubiri. Nyumba yoyote ya ufukweni ingepaswa kuandika katika masharti yake kwamba TMA ikishatoa tahadhari ya kimbunga kwa mkoa husika, mgeni anaweza kuahirisha bila kukatwa kitu. Hapo tahadhari ya serikali inakuwa kigezo ambacho pande zote mbili zinakiamini, na hiyo ni faida ya huduma hii ambayo hatujaitumia ipasavyo.

Boti hufuata. Boti iliyoachwa ikielea mbele ya nyumba kwa nanga moja ni kitu cha kwanza kupotea, na ikikatika huja kuvunja kile kilichoko nyuma yake. Penye mkondo ulioingia ndani ya mikoko, huko ndiko mahali pa kuzificha boti kubwa, zikiwa na nanga mbili na kamba ndefu za kuruhusu maji kupanda. Mashua na ngalawa hushushwa tanga na foromali, ule mti unaobeba tanga, zikavutwa hadi juu ya mstari ambao bamvu, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, huacha taka zake ufukweni, na zisiishie hapo kwenye mstari. Injini hufunguliwa na kuingizwa ndani. Kazi hii humaliza siku nzima ikiwa watu ni wachache, na ndiyo maana taarifa ya saa arobaini na nane kabla ina maana kubwa kwetu kuliko ile ya saa kumi na mbili kabla, hata ikiwa ile ya mwisho ina usahihi zaidi.

Kuhusu mapaa, nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaukubali. Paa la makuti likifunikwa kwa nyavu kuukuu na kufungwa kwenye nguzo kwa kamba, hata likiezuliwa halimuumizi mtu kama bati linavyomuumiza. Bati lililolegea huruka na kukata. Kwa hiyo mwenye mabati akague misumari na boriti zake kabla ya msimu, asingojee mrejeo wa kwanza. Hata hivyo, paa la makuti si mahali pa kulala usiku wa kimbunga, kwa namna yoyote litakavyofungwa. Kila nyumba ya wageni inahitaji chumba kimoja chenye kuta za matofali ya saruji au mawe na dari ya zege, kisichoelekea baharini, hata kama siku za kawaida ni stoo au jiko. Simtanki zijazwe zote, kwa sababu tangi tupu hupeperuka na pampu haitafanya kazi umeme ukikatika. Kisima kifunikwe kisiingiwe na maji ya chumvi. Mitungi ya gesi ifungwe na kusimamishwa mahali pasipofika maji, na viti, mitumbwi midogo na vibao vya matangazo viingizwe ndani, kwa kuwa kila kilichoachwa nje kinaweza kuwa silaha.

Chakula nacho kipangwe kwa siku kadhaa baada ya upepo kupita. Wakati wa Hidaya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatwa na maji katika eneo la Kilwa, na bidhaa zinazotegemea barabara za kusini zikachelewa. Kisiwa kikifungiwa usafiri wa majini, duka la Kilindoni halijazwi kesho yake.

Nije kwenye mapengo. La kwanza ni mwelekeo wa upepo. Katika nusu ya kusini ya dunia kimbunga huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa. Maana yake ni kwamba kimbunga kinachokuja kwetu kutoka mashariki hutanguliza upepo wa kutoka kusini, ambao mtu anaweza kuudhani ni kusi ya kawaida ya mwezi Mei. Kitovu kikishafika pwani, walioko kusini mwake hupigwa na upepo unaotoka baharini kuja nchi kavu ukiwa umebeba mvua, na walioko kaskazini mwake hupata upepo unaotoka nchi kavu. Hidaya ilipoingia Mafia, Kilwa ilikuwa kusini ya kitovu, upande ambao upepo unatoka baharini, na Kilwa ikapata mvua kubwa sana. Taarifa ya TMA hutaja kasi ya upepo na mikoa, lakini kwa mwenye nyumba ya ufukweni swali la kwanza ni upepo utatokea wapi, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mlango upi upigiliwe mbao na boti zifichwe upande gani wa kisiwa. Kilindoni iko magharibi mwa Mafia na Utende iko mashariki kusini, kwenye ghuba ya Chole. Upepo uleule unaweza kuwa tishio upande mmoja na kivuli upande wa pili, na neno Pwani, jina la mkoa wetu, au neno Mafia haliwezi kumweleza mtu tofauti hiyo. Vilevile, mrejeo wa mwanzo wa Hidaya ulipima umbali kutoka pwani ya Mtwara, mji ulio zaidi ya kilomita 250 kusini mwetu. Kwa taifa zima kipimo hicho kinatosha, lakini mtu wa Mafia hubaki akikokotoa mwenyewe.

Pengo la pili ndilo ninalolijali zaidi: maji. Taarifa hutaja urefu wa mawimbi katika bahari, jambo linalomfaa nahodha. Mtu wa ufukweni anataka kujua bahari itapanda hadi wapi, na jambo hilo hutegemea sana kama kimbunga kitafika maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, na kama ni siku za bamvu au za maji mafu, yaani siku za robo ya mwezi, bahari inapopanda na kushuka kidogo. Katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvu hupita mita tatu. Hidaya ilifika tarehe 4 Mei, mwezi ukiwa umetoka robo yake ya mwisho tarehe 1 na ukiwa bado haujaandama hadi tarehe 8. Zilikuwa siku za maji mafu au karibu nazo. Kama kimbunga kilekile kingechelewa siku tano, kingeikuta bahari ikiwa kwenye bamvu, na upepo ukaisukuma juu ya nyumba zilizojengwa hatua chache kutoka mchangani. Wavuvi wazee wa hapa walilijua hilo bila kuambiwa na mtu, na walilisema. Sioni sababu ya elimu hiyo kutokuwamo ndani ya tahadhari yenyewe. Majedwali ya kujaa na kupwa yapo, na kuongeza mstari mmoja unaosema saa ambazo maji yatajaa katika siku za hatari, pamoja na kutaja kama ni bamvu au maji mafu, kungewasaidia watu wa pwani nzima kuanzia Mtwara hadi Tanga.

Wapo wanaoilaumu huduma hii kwa sababu nyingine, nami siwaungi mkono. Wanakumbusha Kimbunga Jobo cha Aprili 2021, kilichotangazwa kuelekea pwani yetu kisha kikapoteza nguvu kabla ya kufika, na Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, ambacho Mtwara ilijiandaa kukipokea kisha kikaingia kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 na kuacha maafa makubwa Cabo Delgado. Wanasema tulitishwa bure. Kenneth ilipiga upande wa pili wa mpaka. Aliyejiandaa Mtwara alijiandaa kwa jambo la kweli lililompita kwa umbali mdogo. Nguvu ya mzunguko wa dunia inayokifanya kimbunga kizunguke hupungua kadiri unavyokaribia ikweta, na Mafia ikiwa kwenye nyuzi ya nane hivi kusini, vimbunga vingi hudhoofika au kugeuka kabla ya kutufikia. Lakini kuna tarehe 15 Aprili 1872, siku ambayo kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo vya Sultani Barghash, na kuna kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952. Mtaalamu anayesema kwa wakati kwamba uwezekano ni wa wastani, kisha kimbunga kikadhoofika, amesema sawasawa, na asilazimishwe kuomba radhi.

Kinachoiharibu huduma hii kiko nje ya TMA. Siku zile za Mei simu zetu zilijaa video za mapaa yakiruka na mawimbi yakimeza magari, nyingi zikiwa za nchi na miaka mingine, zikisambazwa kwa maneno kwamba ni Mtwara leo asubuhi. Baadhi ya wageni walizipokea kabla ya taarifa rasmi. Kwa hiyo nawashauri wenzangu wachapishe mrejeo wa TMA na kuubandika mapokezi, wakiandika saa uliyotolewa, na kuuondoa mara mpya unapotoka. Redio inayotumia betri iwepo pia, kwa sababu minara ya simu huzimika na redio ikabaki. Ijumaa ile ya kabla ya kimbunga, tangazo lililosomwa msikitini baada ya swala liliwafikia watu ambao tovuti haitawafikia kamwe.

Kipimo kingine kilikuja muda mfupi baadaye. Katikati ya Mei hiyohiyo dhoruba nyingine, Ialy, ilipita baharini ikielekea kaskazini, na kule Kenya pwani ilipigwa na upepo mkali. Watu wa hapa, wakiwa bado na Hidaya mioyoni, walikuwa tayari kuhama tena. TMA ilieleza kwamba Ialy haikutarajiwa kuwa tishio la moja kwa moja kwa Tanzania, ikawataka watumiaji wa bahari waangalie upepo na mawimbi. Ni rahisi kwa mamlaka iliyotoka kusifiwa kwa tahadhari kubwa kutoa nyingine kama hiyo ili isije ikalaumiwa, nayo haikufanya hivyo. Tulizuia boti zisiende mbali, tukaacha mapaa na vyumba kama vilivyokuwa, na wageni waliokuwapo wakaendelea kukaa.